Vipande 38 vya sabuni na daftari moja: namna ya kuendesha mradi wa vitendo shuleni

Mwalimu Julius Nyerere alipotoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, alitaka shule iwe pia mahali pa uzalishaji, na alitaka wanafunzi wenyewe washiriki katika kuamua nini kizalishwe na mapato yatumikeje. Sehemu ya kwanza ya wazo hilo ilitekelezwa kwa bidii. Ya pili ilisahaulika katika shule nyingi, na jembe likageuka kuwa adhabu ya waliochelewa namba. Ninaanza na historia hii kwa sababu leo walimu wengi wanaulizana wafanye mradi gani, kwa kuwa Tanzania imeleta mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi na kazi, katika shule za sekondari kupitia Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, na Kenya nayo imejenga mtaala wake juu ya umilisi, yaani uwezo wa kutenda. Kwa maoni yangu swali la kwanza ni nani atashika daftari la mradi. Akilishika mwalimu, wanafunzi watakuwa vibarua wasiolipwa. Wakilishika wenyewe, hata mradi ukipata hasara watakuwa wamejifunza.

Mwongozo huu unaeleza mradi mmoja tu, wa kutengeneza sabuni ya vipande kwa mafuta ya mawese na ya nazi, kama nilivyouendesha nikiwa mlezi wa klabu ya ujasiriamali katika shule ya sekondari ya mwambao wa Tanzania. Kundi linalofaa ni la wanafunzi 8, wa kidato cha pili na kuendelea, pamoja na mwalimu mmoja asiyeondoka mahali pa kazi hata dakika moja siku ya kuchanganya. Kwa shule za msingi siushauri kabisa, kwa sababu kostiki (sodiamu haidroksaidi, alkali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni) huunguza ngozi na inaweza kupofusha jicho. Watoto hao wapewe mradi mwingine, kama bustani ya mboga katika viroba, na mambo ya wateja na daftari nitakayoyaeleza humu yatawafaa vilevile.

Mteja kabla ya mafuta

Juma la kwanza lisiwe na ndoo wala mizani. Wanafunzi wagawanyike wawili wawili, wachukue kalamu na karatasi, waende kwa watu watakaotumia sabuni hiyo: mpishi wa shule, mhudumu wa usafi, walimu, na majirani wanaochota maji kisimani. Maswali yawe machache na ya kawaida. Unatumia sabuni gani? Unanunua mche mzima au kipande? Kwa bei gani, na hudumu siku ngapi? Ni nini kinachokuudhi katika sabuni hiyo? Swali la mwisho ndilo lenye mali, na wanafunzi wafundishwe kunyamaza baada ya kuliuliza, maana mwanafunzi mwenye haya hukimbilia kulijibu mwenyewe.

Wa kwetu walirudi na jambo ambalo mimi, mwalimu wa kemia, sikuwa nimelifikiria. Mama mmoja, baada ya kuitikia shikamoo zao, aliwaambia, "Wanangu, sabuni zote nzuri dukani. Zikifika kwenye maji yetu haya ya chumvi hazitoi povu." Kwa sentensi hiyo somo la asidi za mafuta lilipata sababu ya kufundishwa. Asidi nyingi iliyomo katika mafuta ya nazi ni ya loriki, yenye kaboni 12, na chumvi yake ya sodiamu huyeyuka kwa urahisi zaidi kuliko zile za asidi zenye kaboni 16 au 18 zilizojaa katika mawese. Ndiyo maana sabuni ya nazi hutoa povu hata katika maji yenye chumvi. Ubaya wake ni kwamba ikiwa ya nazi tupu hukausha ngozi, na mafuta hayo ni ghali. Mawese huifanya iwe ngumu, idumu na isikwaruze mikono. Kwa hiyo wanafunzi walianza na mawese sehemu 7 na nazi sehemu 3, wakijua kwamba huenda wangelazimika kurekebisha.

Katika ziara hiyohiyo iligundulika kwamba mabomba ya kunawia mikono yaliyo karibu na vyoo vya shule hayakuwa na sabuni. Basi mteja wa kwanza akawa ni shule yenyewe. Ninapendekeza iwe hivyo kwa kila klabu, kwanza kwa sababu uhitaji upo, na pili kwa sababu ya sheria. Sabuni inayopelekwa madukani inapaswa kukidhi viwango, Tanzania chini ya shirika la viwango TBS na Kenya chini ya KEBS, na klabu ya wanafunzi haiwezi kujifanya kiwanda. Watakaotaka kufika huko waende na mlezi wao katika ofisi ya SIDO ya mkoa, shirika lililoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, wajue taratibu kabla ya kuota maduka.

Hesabu ya kostiki

Hapa pasifanywe kwa kukisia. Kila aina ya mafuta ina kiasi chake cha kostiki kinachoigeuza yote kuwa sabuni. Kwa kilo 1 ya mafuta ya nazi ni takriban gramu 183, kwa mawese gramu 141, na kwa alizeti gramu 134. Wanafunzi waulizwe kwa nini nazi inadai zaidi, na wasipewe jibu siku hiyohiyo. Jibu ni kwamba molekuli za mafuta ya nazi ni fupi na nyepesi, hivyo kilo 1 ina molekuli nyingi zaidi, na kila molekuli inahitaji kostiki tatu ili ivunjike kuwa sabuni na gliserini.

Kwa kilo 1 ya mchanganyiko wetu, yaani gramu 700 za mawese na 300 za nazi, hesabu ni 98.7 kujumlisha 54.9, sawa na gramu 153.6 za kostiki. Kiasi hicho hakitumiki chote. Hupunguzwa asilimia 5, ibaki gramu 146, ili mafuta kidogo yasigeuke na sabuni isibaki na kostiki huru itakayomchoma mtumiaji. Maji ni gramu 300. Sisi tulitumia kilo 3 za mafuta, kwa hiyo tulipima mawese gramu 2,100, nazi 900, kostiki 438 na maji 900.

Kuna mtego mmoja ambao kila kundi hunaswa nao. Mafuta sokoni huuzwa kwa lita, na hesabu hii ni ya gramu. Lita 1 ya mafuta ina uzito wa kama gramu 920 hivi, si 1,000, na mwanafunzi anayemimina lita akidhani ni kilo atakuwa ameweka kostiki nyingi kuliko mafuta yanavyoweza kubeba. Wote wapime kwenye mizani, hata maji. Mizani ya kidijitali ya jikoni inayosoma gramu 1 inatosha. Kostiki yenyewe huvuta unyevu wa hewani na kudhoofika, kwa hiyo inunuliwe iliyofungwa vizuri, kopo lifungwe mara tu baada ya kupima, na lihifadhiwe kwenye kabati la maabara lenye kufuli. Kila mwanafunzi afanye hesabu yote peke yake kwenye karatasi yake, kisha majibu yalinganishwe. Anayepata tofauti asimamishe kazi mpaka ijulikane nani amekosea. Mara moja aliyekosea nilikuwa mimi.

Siku ya kuchanganya

Kazi ifanyike nje, mahali penye kivuli na hewa, karibu na bomba au pipa lililojaa maji safi. Kila mmoja avae miwani ya kinga, glovu za mpira, mikono mirefu na viatu vya kufunika. Kandambili siku hiyo zibaki bwenini. Vyombo viwe ndoo za plastiki ngumu au sufuria za chuma kisichoshika kutu. Sufuria za alumini, ambazo ndizo zimejaa jikoni kwetu, ni mwiko. Kostiki huila alumini na kutoa gesi ya haidrojeni inayoweza kushika moto, na mafuta yote huharibika.

Maji yatangulie ndooni, kisha kostiki imwagwe humo kidogo kidogo huku mtu mmoja akikoroga kwa mwiko. Kamwe maji yasimwagwe juu ya kostiki, kwa sababu joto hupanda ghafla na mchanganyiko unaweza kuruka usoni. Hata kwa utaratibu sahihi, maji hayo hupata moto sana na hutoa mvuke unaokera koo, kwa hiyo anayekoroga asiinamie ndoo na asimame upande unaotoka upepo. Yakimrukia mtu, sehemu hiyo ioshwe mara moja kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20, na nguo iliyolowa ivuliwe. Yakiingia jichoni, aoshwe vivyo hivyo na apelekwe hospitali bila kungoja. Siki au limao visipakwe kwenye ngozi. Maelezo haya wanafunzi wayajue kwa moyo kabla kopo la kostiki halijafunguliwa, na mlezi awaulize mmoja mmoja.

Mafuta yapashwe moto kidogo mpaka yachanganyike. Vyote viwili vikishapoa hadi nyuzi 40 hivi, maji ya kostiki yamiminwe polepole ndani ya mafuta, na kukoroga kuanze. Kwa mwiko inaweza kuchukua dakika 30 au zaidi, kwa zamu. Mchanganyiko utabadilika rangi, utakuwa mzito kama uji wa mtoto, na mwiko ukiinuliwa, matone yake yataacha alama juu kabla ya kuzama. Hapo umekuwa tayari kumiminwa kwenye kalibu ya mbao iliyotandikwa karatasi ya nailoni, kisha ufunikwe kwa gunia ili joto libaki ndani.

Kuhusu manukato nina ushauri mmoja nilioupata kwa aibu. Mwaka wa pili wa klabu tulitaka sabuni inukie kipwani, tukatia mafuta ya karafuu. Sikujua kwamba mafuta hayo huharakisha mno kuganda. Uji wetu uligeuka kuwa ugali mgumu ndani ya ndoo kabla hatujaufikisha kwenye kalibu, na wanafunzi waliuchimbua kwa visu wakicheka mpaka machozi. Tangu hapo kila kitu kipya hujaribiwa kwanza katika gramu 200 tu za mafuta. Wanaotaka kujifunza zaidi kuhusu viungo vya pwani wanaweza kuangalia kazi ya wanawake wa Paje, Unguja, ambao hutia unga wa mwani katika sabuni zao.

Wiki nne za kungoja

Baada ya saa 24 hadi 48 sabuni huwa ngumu kiasi cha kukatwa, bado kwa glovu. Uzito wote wa mchanganyiko wetu ulikuwa gramu 4,338, na ukigawanywa kwa vipande vya gramu 110 ulitoa vipande 39. Kwa nini 110 na si 100? Kwa sababu sabuni hupoteza maji inapokomaa, na anayekata gramu 100 leo atauza gramu 90 baada ya mwezi. Chagueni vipande 3, mviwekee namba, mvipime kila Ijumaa na mchore grafu. Ni grafu ndogo lakini data zake ni zao wenyewe. Sabuni ipangwe kwenye rafu ya matundu, vipande visigusane, mahali pakavu pasipopigwa na jua, kwa wiki 4.

Kabla ya kuitumia, ipimwe. Karatasi ya kupimia pH ikisoma 9 au 10 kwenye povu, sabuni ni ya kawaida. Ikifika 11 au zaidi, ingojewe, na ikikataa kushuka isitumiwe na mtu. Shule isiyo na karatasi hizo inaweza kuchemsha maua makavu ya rosela na kutumia maji yake, yanayokuwa mekundu penye asidi na kugeuka kuelekea kijani penye alkali. Hayatatoa namba, lakini yatatofautisha kipande chenye kostiki nyingi na chenye kidogo kikiwekwa kando ya sabuni ya dukani. Hata hivyo, kwa sabuni itakayogusa mikono ya watu, mwalimu aazime karatasi za pH.

Majuma haya manne ndiyo ya kazi ya ubunifu, na wale wasiopenda kemia hupata nafasi yao hapa. Klabu inahitaji jina, nembo na maneno ya kwenye karatasi ya kufungia. Nembo ichongwe kwenye soli ya kandambili iliyochakaa kwa wembe au kisu kikali cha kuchongea, herufi zikichongwa kinyume ili zikipigwa chapa zisomeke. Ukipakwa wino, muhuri huo hupiga mamia ya karatasi bila kwenda steshenari hata mara moja. Maneno yasizidi 30, na yataje vilivyomo, uzito, tarehe ya kutengenezwa na tahadhari ya kutoweka machoni. Mwalimu wa Kiswahili aombwe kuyasahihisha. Wanafunzi wetu walianza na "sabuni bora kuliko zote duniani", wakaulizwa wamezipima zote lini, wakabaki na "inatoa povu katika maji ya chumvi". Sentensi hiyo nayo, kama nitakavyoeleza, ilibidi irekebishwe.

Daftari

Mradi wote unasimama juu ya kitu hiki, na ndicho walimu hukiruka kwa kuona kwamba sabuni imeshapatikana. Kila kundi liwe na mhazini, katibu na mtunza stoo, na vyeo vizunguke kila mwezi ili asiwepo mwanafunzi anayemaliza mwaka bila kuandika hesabu kwa mkono wake. Kila shilingi iandikwe siku hiyohiyo, na kila ununuzi uwe na risiti. Mahali ambapo muuzaji hana risiti, mnunuzi na shahidi mmoja waweke saini.

Nitatoa mfano kwa bei za kubuni, ambazo msomaji atabadilisha kwa bei za soko lake. Tuseme mawese ni shilingi 5,000 kwa lita, tukanunua lita 2.3 kwa 11,500; nazi lita 1 kwa 9,000; kostiki gramu 438 kwa bei ya 5,000 kwa kilo, yaani 2,190. Jumla ni 22,690, na ukigawanya kwa vipande 39 unapata shilingi 582 kwa kipande. Wanafunzi karibu wote huishia hapo na kutangaza bei ya 700, wakidhani wana faida. Kisha mlezi awaulize: nauli ya kwenda sokoni alilipa nani? Mkaa? Karatasi? Na kile kipande kilichovunjika kwenye kona? Nauli 2,000, mkaa 500 na karatasi za vipande 38 vilivyo vizima 1,900 huifanya jumla kuwa 27,090. Gharama ya kipande sasa ni shilingi 713, na bei ya 700 ni hasara.

Shule ikikubali kununua kwa shilingi 1,000, mapato ni 38,000 na faida ni 10,910. Hapo niliwauliza wanafunzi wangu wamefanya kazi saa ngapi. Walikuwa 8, na kila mmoja alikuwa ametumia kama saa 4, jumla saa 32. Faida ikigawanywa humo inatoa takriban shilingi 341 kwa saa. Darasa lilinyamaza. Mmoja akasema hakuna kibarua atakayekubali malipo hayo, mwingine akajibu kwamba kukoroga kilo 3 na kukoroga kilo 9 huchukua karibu muda uleule. Ubishi wao uliendelea hadi kengele ya chakula, nami sikuuingilia. Walikuwa wamefika wenyewe kwenye faida ya uzalishaji mkubwa, jambo ambalo katika kitabu cha biashara hukaririwa na kusahaulika.

Mapato yagawanywe kwa uamuzi wa kikao chenye kumbukumbu zilizoandikwa. Sehemu inunue malighafi ya awamu inayofuata, sehemu irudishe mkopo kama ulikuwepo, na inayobaki wanafunzi waamue. Mlezi ana haki ya kushauri, lakini akianza kuzielekeza fedha hizo kwenye mahitaji ya ofisi, hata yaliyo mema, mradi utarudi kwenye jembe la adhabu.

Awamu ya pili na maonyesho

Peleka vipande vichache vya majaribio, bila malipo, kwa watu walewale waliohojiwa juma la kwanza. Mama wa kisimani aliwaambia wanafunzi wetu ukweli: sabuni yao ilikuwa ngumu na haikwaruzi, ila povu lake lilizidi la dukani kidogo tu. Hivyo maneno ya kwenye karatasi yalikuwa yamekimbia mbele ya sabuni. Walikaa, wakapandisha nazi hadi nusu kwa nusu, na hesabu ya kostiki ikabadilika kutoka gramu 146 hadi 154 kwa kilo ya mafuta, wakaikokotoa bila msaada wangu. Bei nayo ilipanda, na mhazini akalazimika kurudi kwa mkuu wa shule kueleza sababu, akiwa na karatasi mkononi na sauti ikimtetemeka.

Kutathmini mradi kama huu kwa kutazama sabuni peke yake ni kumpa maksi mwenye mikono mizuri. Mimi humwita kila mwanafunzi peke yake na kumwuliza mambo matatu: kwa nini tulipunguza asilimia 5 ya kostiki, gharama ya kipande kimoja ilifikiwaje, na ni kitu gani angekifanya tofauti. Maksi nyingi huenda kwenye swali la tatu.

Kundi lililoshika kumbukumbu zake vizuri lina mahali pa kuzipeleka. Nchini Tanzania, Young Scientists Tanzania, iliyoanzishwa 2011, huwakutanisha wanafunzi wa sekondari na kazi zao za utafiti, na Kenya ina Young Scientists Kenya, iliyofanya maonyesho yake ya kwanza 2018, pamoja na mashindano ya sayansi na uhandisi ya shule za sekondari. Kwa majukwaa hayo, sabuni peke yake haitoshi kwa kuwa kila mtu ameiona. Swali lenye uzito ni lile la maji ya chumvi: pimeni kimo cha povu katika chupa zilizotikiswa mara 20, zenye maji ya mvua, ya bomba na ya kisima, kwa sabuni za viwango vitatu vya nazi, na mrudie kila kipimo mara 5. Jedwali la namna hiyo linaweza kutetewa mbele ya mtu yeyote.

Mwezi Novemba, kabla ya kufunga shule, kikao cha mwisho kiwe cha makabidhiano. Mhazini anayeondoka amsomee mhazini mpya daftari kwa sauti, ukurasa kwa ukurasa, na yale makosa yaliyofutwa kwa mstari yaachwe yasomeke. Ukurasa wa mwisho uandikwe fedha taslimu zilizopo, vipande vilivyosalia kwenye rafu, gramu za kostiki zilizobaki kabatini, na cheo cha anayeshika ufunguo wa kufuli lake.